Rubani Kalala, Mkanda Umeketi

Mara ya kwanza kufungwa mkanda ndani ya glaida, ndege ya kuelea angani bila kutegemea injini, nilidhani kazi imekwisha niliposikia bizimu likilia "kach". Ilikuwa Jumamosi kwenye uwanja wa majani huko Ujerumani, foleni ya wanafunzi iko nyuma yangu na waya wa winchi, mashine ya ardhini inayoivuta ndege hadi ipae, umeshalazwa mbele ya pua. Mwalimu, mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa magari, hakuniuliza kama nimefunga. Alipitisha vidole vinne kati ya mkanda na tumbo langu, vikaingia vyote bila kusukumwa. Kisha akalivuta bizimu kidogo, likapanda hadi juu ya kitovu. "Hapo umefunga chakula cha mchana," akasema. "Nyonga zako ziko wapi?" Akanifungua, akanifunga upya kuanzia chini kwenda juu, na safari hii hata kucheka kulikuwa kwa shida.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio kila marubani wa glaida wanapobishana kuhusu usalama wa mikanda, na karibu kila mara ubishi huanzia kwenye mkanda wenyewe. Uwe mpana zaidi, uwe mpya, ubebe mzigo mkubwa zaidi. Mimi naona mkanda ndio wenye lawama ndogo kuliko vyote vilivyomo humo ndani. Lawama kubwa ni ya kiti, na ya namna tunavyomlaza mtu juu yake.

Kwa asiyewahi kuiona, glaida ni ndege nyembamba yenye mabawa marefu, nyingi hazina injini kabisa. Huvutwa angani kwa winchi au kwa ndege nyingine, ikishaachiwa inaishi kwa hewa inayopanda, kama tai. Hata Kenya zimewahi kuruka, pale Mweiga karibu na Nyeri, kati ya safu ya Aberdare na Mlima Kenya. Kwa kuwa haina injini ya kulipia upinzani wa hewa, wabunifu wameubana mwili wake mpaka basi. Njia rahisi ya kuubana ni kumlaza rubani. Anakaa kama mtu aliyejinyoosha kwenye kiti cha uvivu, miguu mbele, kichwa kimeinuliwa kiasi cha kuona, na mbele ya nyayo zake hakuna kitu ila pua ya plastiki yenye nyuzi za kioo au kaboni.

Mikanda iliyomo ni minne: miwili ya kiunoni, miwili ya mabegani, yote ikikutana kwenye bizimu moja katikati. Ukiutazama mpangilio huo unaona umerithiwa kutoka kwenye ndege ambazo rubani wake ameketi wima. Kwa aliyeketi wima, mkanda wa kiuno hukaa chini ya zile ncha mbili za mfupa wa nyonga unazozigusa ukijishika kiunoni. Ndege ikisimama ghafla, ncha hizo huunasa mkanda kama ndoano, na mfupa ule, ambao ni miongoni mwa mifupa imara kabisa mwilini, hubeba mzigo.

Mlaze mtu huyo sasa. Nyonga hugeuka kwenda nyuma pamoja na mgongo, na zile ncha zilizokuwa ndoano huwa mteremko. Glaida ikigonga, mwili hutangulia kwa miguu, matako yanateleza mbele kwenye kiti, na mkanda, kwa kukosa cha kushika, unapanda juu ya mfupa na kuingia tumboni. Wataalamu wamelipa tendo hili jina la nyambizi, kwa sababu mtu huzama chini ya mkanda kama chombo kinachopiga mbizi. Kinachofuata si cha kusimulia mezani: ini, wengu na utumbo vinabanwa kati ya utepe wenye upana wa sentimita chache na uti wa mgongo. Na mikanda ya mabega, badala ya kusaidia, inaweza kuongeza madhara. Imefungwa kwenye bizimu lile lile, kwa hiyo kila inapovutwa inalipandisha. Rubani anayekaza mabega kwa nguvu zote huku kiuno kikiwa kimelegea ameutega mtego kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Katika miaka ya 1990 Martin Sperber wa TÜV Rheinland, shirika la ukaguzi wa kiufundi la Ujerumani, aliifanyia kazi mikanda ya glaida kwa kuuangalia mwili wa binadamu badala ya kuhesabu tu nguvu ya utepe. Nadhani huko ndiko mjadala ulikopaswa kubaki. Badala yake tumerudi kwenye namba.

Namba hizo zina maana yake, lakini lazima zisomwe polepole. Kiwango cha Ulaya cha glaida, CS-22, zamani kilitaka vinavyomshikilia rubani vihimili mara 9 ya uzito wake kuelekea mbele. Baadaye kikapandishwa hadi mara 15. Rubani wa kilo 80 kwa mara 15 ni kilo 1,200, sawa na kumpakata mtu gari dogo. Ukisikia hivyo unatulia. Fanya hesabu kidogo, utulivu unapungua. Glaida inayogonga ardhi kwa kilomita 80 kwa saa na kusimama ndani ya mita moja humpa aliyemo wastani wa mara 25. Ili ishuke hadi 15 inahitaji takriban mita 1.7 za kusimamia, yaani pua ikunjike, udongo uchimbike, na chumba cha rubani kibaki na umbo lake. Gerhard Waibel aliliona hilo alipoibuni ASW 24, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1987: chumba kilijengwa kumlinda rubani, hakikuwa ganda la kupunguza upinzani wa hewa tu. Mkanda imara kuliko sakafu uliyofungiwa hauna kazi.

Kisha chukua ulegevu wa sentimita tano tu, upana wa vidole vitatu hivi. Glaida inapoanza kusimama kwa mara 15, rubani aliyelegea anaendelea mbele kana kwamba hakuna kilichotokea. Atakapoufikia mkanda atakuwa anaufuata kwa karibu kilomita 14 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mtu mzima anayekimbia, na itakatwa na utepe ule ule, juu ya tumbo lile lile. Vidole vinne vya yule mzee vilikuwa vinapima hicho.

Historia ya jambo hili imejaa watu waliojifunza kwa miili yao. Hugh DeHaven, Mmarekani, alianguka na ndege ya mafunzo mwaka 1917 akiwa mwanajeshi wa anga, akapona, na alipotafakari majeraha yake ya tumboni akamshuku mtuhumiwa ambaye hakuna aliyemfikiria: mkanda wake na bizimu lake lenye ncha. Aliendelea kulifuatilia wazo hilo hadi likawa taaluma ya kuchunguza kwa nini huyu amekufa na yule amepona katika ajali ile ile. John Paul Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alikwenda mbali zaidi. Tarehe 10 Desemba 1954, huko Holloman, New Mexico, alijifunga kwenye sleji ya roketi, kigari kinachosukumwa juu ya reli, akafikia kilomita 1,017 kwa saa, kisha akasimamishwa kwa sekunde 1.4. Mwili wake ulionja zaidi ya mara 46 ya uzito wake. Alitoka na macho yaliyovilia damu, lakini hai. Watu hulisimulia tukio hilo kusifu ujasiri, na ujasiri ulikuwepo. Mimi huvutiwa na jambo lisilo na mbwembwe: katika majaribio yake Stapp aliongeza mikanda ya mapajani, yenye umbo la V iliyopinduliwa, ya kuzuia mkanda wa kiuno usipande. Mtu aliyestahimili yote yale hakutegemea mikanda minne peke yake.

Na hapo ndipo unapoingia ubishi wa mkanda wa tano, ule unaopita katikati ya mapaja. Ukiutaja klabuni, wanaume wanacheka kwanza, halafu wanakunja uso. Hofu yao inaeleweka lakini imekosea shabaha. Mkanda huo haukuwekwa ubebe uzito wa mtu. Umewekwa ulishike bizimu chini ili mkanda wa kiuno ubaki kwenye nyonga hata mabega yakikazwa. Ningeufunga kesho kwenye kila glaida yenye mahali imara pa kuushikiza. Ila una adabu zake. Ukiukaza kabla ya kiuno, unakuwa wewe ndiye unayeufanya ubebe kila kitu. Na kwenye chumba kidogo, bizimu lililonenepa linaweza kugombana na fimbo ya kuongozea inapovutwa hadi mwisho, jambo la kuhakikisha ukiwa chini, kifuniko kikiwa wazi, wala si unapotua.

Ningependa zaidi, hata hivyo, kuona mwinuko kwenye kiti chenyewe, chini ya mapaja. Matako yakikaa kwenye kibonde na mapaja yakainuka mbele yake, mwili hauna njia rahisi ya kuteleza. Viti vya magari hufanya hivyo kimyakimya, abiria hata hajui. Mkanda wa tano humtaka rubani aukumbuke kila asubuhi; mwinuko upo tu.

Lakini adui mkubwa wa kiti hicho ni sisi wafupi na mito yetu. Klabu niliyojifunzia ilikuwa na kabati zima la mito: ya sponji ya sofa, ya kitambaa cha maua, mmoja ulioshonwa na mama wa mwanachama fulani. Mimi nilikuwa nachukua miwili, mmoja wa kukalia na mmoja wa mgongoni, la sivyo pedali za miguuni nilikuwa nazigusa kwa vidole tu. Nilijiona nimejipanga. Sikujua kwamba kila mto ulikuwa unaniondoa kwenye kila kipimo alichokitumia mbunifu.

Anza na ule wa mgongoni. Winchi hukuondoa kwenye kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde chache. Sponji laini inabonyea, mwili wote unarudi nyuma, na mkono uliokuwa umeifikia fimbo vizuri sasa unaivuta bila kukusudia au unashindwa kuisukuma, wakati ambao pua imeelekea juu na ardhi iko karibu mno. Hakuna mkanda unaotibu hilo, maana mikanda ya mbele humzuia mtu asiende mbele, haimzuii asizame nyuma.

Ule wa kukalia ni mjanja zaidi, kwa kuwa unajifanya rafiki wa uti wa mgongo. Chini ya matako ya rubani kuna ganda jembamba, kisha sentimita chache, kisha nyasi. Glaida ikianguka kwa tumbo, au ikitua kwa kishindo gurudumu likiwa bado limekunjwa, nguvu hupanda moja kwa moja mgongoni, na mfupa unaopondeka mara nyingi ni pale mbavu zinapoishia na kiuno kuanza. Akili ya kawaida inasema weka kitu laini hapo. Daktari Tony Segal wa Uingereza, ambaye mwenyewe alikuwa rubani wa glaida, alitumia miaka kuonyesha kwamba akili hiyo inadanganya. Kiti kinapokuwa tayari kinasimamishwa na ardhi, aliyekalia sponji laini bado anashuka. Sponji inapokwisha, anakipiga kiti ambacho kimeshasimama. Uti wa mgongo unapata kishindo kikubwa kuliko ambacho ungekipata bila mto wowote. Kinachofaa ni sponji nzito, ile ambayo ukiikandamiza kwa kidole inakubali polepole na kurudi polepole, na shimo la kidole linabaki kwa muda kama kwenye unga uliokandwa.

Na bado kuna la tatu. Mtu akiinuliwa sentimita tano kwa mto laini, mikanda yake inakazwa juu ya mto huo. Kishindo kikiuponda mto, mwili unashuka na mikanda yote minne inalegea kwa mpigo, ile ile sentimita tano tuliyoihesabu. Alikuwa amefunga vizuri, mwalimu alipitisha vidole na vikakataa kuingia. Ulegevu ulikuwa umefichwa ndani ya sponji.

Kinachofanya suala hili lisiwe jepesi ni kwamba rubani wa glaida anahitaji kushikwa kama mtoto mgongoni, na papo hapo aweze kuachiwa mara moja. Wengi huruka na parachuti mgongoni, kwa sababu glaida huzunguka kwa wingi ndani ya nguzo moja ya hewa inayopanda na kugongana hutokea. Ikitokea, rubani anatupa kifuniko cha kioo, anafungua mikanda, anajinyanyua kutoka kwenye ule ulalo, anaruka. Kampuni ya DG ya Ujerumani ilibuni mfuko wa hewa unaojaa chini ya rubani na kumwinua hadi ukingoni, ukifungua mikanda kwa wakati huo huo, na naona ni wazo linalostahili kusambaa kuliko lilivyosambaa. Kila mkanda unaoongezwa ni kitu cha kunasa mguu wakati huo. Wa tano uachie pamoja na mingine kwa mzungusho mmoja wa bizimu, la sivyo usifungwe kabisa.

Hapa kuna kosa moja la mazoea linaloniudhi. Baada ya kutua, jua likiwa kali, rubani hufungua mikanda ya kiti na ya parachuti kwa pamoja akiwa bado ameketi, parachuti inabaki kitini, yeye anatoka mwepesi. Anafanya hivyo mara mia. Mkono wake umefundishwa, na siku ya kuruka kweli mkono haumwulizi mwenye nao. Toka na parachuti mgongoni kila mara, hata kama unakimbilia chooni.

Kuhusu sheria sitakaa sana. Glaida za nyuzi za kioo haziozi, kwa hiyo klabu nyingi zinarusha ndege za miongo mingi iliyopita, zilizopitishwa kwa masharti ya enzi zake. Kupandishwa kwa kiwango hadi mara 15 hakukuzigusa. Lakini kisingizio cha makaratasi nacho kimechakaa. Tangu mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ina orodha ya mabadiliko yasiyohitaji idhini ya kila moja, na ndani yake mna viegemeo vya kichwa, mito ya viti na kubadilisha mikanda. Seti ya mikanda ni mamia ya euro. Nimeona klabu ikijadili kwa saa nzima kununua kioo kipya cha kuonyesha kasi ya kupanda, huku mikanda ya kiti cha nyuma imepauka kutoka buluu hadi kijivu kwa jua, na jua linaloondoa rangi huondoa na nguvu za nyuzi.

Ukaguzi wa mwaka nao hutazama utepe, mishono, tarehe kwenye lebo na bizimu kama linafunguka. Inanikumbusha mikanda ya matatu baada ya zile sheria za Kenya za mwaka 2004: ilikuwepo, askari aliiona, abiria aliishika mkononi kizuizi kinapokaribia. Kuwepo ndiko kunakokaguliwa. Sijawahi kuona fomu inayouliza: akikaa mwanachama mfupi kuliko wote, mkanda wa kiuno unaangukia wapi? Akikaa mrefu kuliko wote, mikanda ya mabega inatoka usawa wa mabega au chini yake, ikimkandamiza mgongo kila inapokazwa? Maswali hayo hayahitaji maabara. Yanahitaji banda, alasiri moja ya majira ya baridi ambayo hakuna anayeruka, na mtu wa pili wa kushika tochi.

Nilifanya hivyo Januari iliyopita na rafiki yangu wa klabuni. Kiegemeo cha mgongo cha ile glaida kina matundu manne ya kurekebishia. Kwenye tundu la nne, ninalolipenda, ambalo hunilaza vizuri na kuniacha nione mawingu, mkanda wa kiuno ulikatiza sawasawa juu ya kitovu hata tulipoukaza. Kwenye la tatu ulishuka nusu. Kwenye la pili, bila mto wa mgongoni na kwa sponji nzito chini, uliingia kwenye mkunjo wa mapaja, na rafiki yangu alipolivuta bizimu kwa mikono miwili halikupanda. Tukachora alama kwa kalamu ya wino mzito pembeni ya tundu hilo, na herufi za jina langu. Sasa naruka nimeketi wima kuliko wenzangu wote, kichwa kinakaribia kifuniko, na baada ya saa mbili magoti yananiuma.